Mionzi ya Polepole

Saluni ya Gloriose, katikati ya mji wa Durban, haikosi watu. Mteja akiwa na haraka, Gloriose huita wasichana watatu, wote wakashika kichwa kimoja. Kazi inakwisha upesi. Mteja anaondoka amependeza, ingawa machozi yanamlengalenga.

Mwaka 1998 Gloriose aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Kwa wiki kadhaa alipigwa mionzi hospitalini, kidogo kila siku. Mumewe Vénérand, Mkongo mwenzake na muuza simu, alimtazama kwa fahari. Mwanamke gani huyu! Anatoka hospitali, anapitia saluni, anasuka ameketi.

Ilibaki hatua moja. Vibomba vidogo vyenye mionzi vingewekwa ndani ya kizazi chake. Angelala chumbani peke yake, usiku na mchana, mpaka dozi ikamilike. Binti yao mdogo, Laetitia, asingeruhusiwa kuingia.

Hapo Gloriose aligoma.

"Miye siwezi kufungiwa," alisema. "Batoe yote kwa saa moja, ao nabaki nyumbani."

Vénérand aliingiwa na hofu. Akibaki nyumbani, saratani nayo itabaki. Akapanda ngazi mbio kwa jirani yao wa ghorofa ya juu, pale mtaani Glenwood, Doris, Mtanzania anayefanya kazi kitengo cha mionzi.

"Eish, dada Doris, utusaidie! Ku saluni, mteja akikuwa na haraka, wasichana batatu banasuka kichwa kimoja. Docteur naye aongeze nguvu mara tatu, bibi yangu arudi nyumbani vite, mbio-mbio."

Doris alicheka, lakini hakumdharau.

"Shem, hiyo ni hesabu ya saluni. Twende tukamuulize mwenye saluni."

Walimkuta Gloriose amenuna.

"Dada," Doris alianza, "wasichana watatu wakivuta pamoja, ngozi ya kichwa inakuwaje?"

"Inavimba. Mteja halali usiku. Mmoja akisuka polepole, ngozi inapumua."

"Na ndani ya mwili ni hivyo hivyo. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mionzi inajeruhi seli zote, zenye saratani na zile nzima. Ila seli nzima ina kipaji cha ajabu. Ikijeruhiwa kidogo, inaanza kujitengeneza saa hiyo hiyo. Mionzi ikienda polepole, seli nzima inapata nafasi ya kuziba majeraha. Seli ya saratani mara nyingi haijui kujitengeneza vizuri. Majeraha yanailemea, inakufa."

"Na dozi ileile wakiitoa yote kwa saa moja?" Vénérand akauliza.

"Dozi ileile, madhara makubwa zaidi. Seli nzima hazipati nafasi. Kibofu na utumbo viko jirani, vinaweza kuharibika, hata miaka baadaye."

"Lakini nasikia iko mashine ya haraka," alisema Gloriose.

"Ipo. Nayo haitoi dozi hii yote mara moja. Inaipunguza, inaigawa, na kuweka mapumziko katikati. Kila mwendo una kipimo chake. Wewe umepimiwa huu wa polepole. Ila usiahirishe, maana ukichelewa saratani inapata nafasi ya kukua tena."

Gloriose aligeuza mikono yake, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mwili wangu unajitengeneza wenyewe? Hata sasa?"

"Hata sasa."

"Basi nitalala. Niupe nafasi."

Akalala kweli. Chali, bila kugeuka, vibomba visisogee, akiimba nyimbo za kanisani mpaka wauguzi wakazijua. Vénérand alifika mlangoni kwa muda mfupi, kama alivyoelekezwa. Kila mara alirudi nyumbani akimstahi zaidi.

Vibomba vilipotolewa, Laetitia aliletwa. Vénérand akamshika mtoto mkono, akaogopa kumwachia.

"Mwachie, shem," Doris akasema. "Vibomba vimetoka, na mionzi imetoka navyo. Hakuna iliyobaki kwa mama yake."

Mtoto akachomoka mbio, akajitupa kifuani pa mama.

Miezi ikapita. Daktari alimpima Gloriose, akautafuta uvimbe. Hakuuona. Kibofu kizima, utumbo mzima. Vénérand, ambaye kwa maneno anaweza kumuuzia simu hata asiyeitaka, alianza kushukuru, machozi yakamtiririka mbele ya daktari.

Gloriose akampangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Lia tu, Papa Laetitia," akamwambia. "Miye niko."