Majina Hamsini na Nane

Asubuhi Anjela aliwasha kompyuta, kisha akaenda kukamua ng'ombe. Akachemsha uji wa Rozalia, mtoto wake wa miezi minane. Aliporudi mezani, kompyuta ilikuwa bado haijafunguka.

"Mama Roza, hiyo ni kompyuta au yai?" aliuliza Clement, mumewe. "Mbona unaiatamia?"

Anjela hakucheka. Usharika wao wa Kilolo ulimwomba achape majina ya vijana hamsini na nane wa kipaimara. Jumamosi orodha ichapishwe, Jumapili isomwe kanisani. Tangu amalize masomo ya jioni, hakuna aliyewahi kumwamini kwa kazi ya kuandika. Na kompyuta hii aliyopewa na dada yake wa Mbeya ilikuwa kuukuu. Fundi wa mjini alishasema ni ya kutupa.

Jumatano hiyo jirani yao, Mwalimu Eveline, alikuja kuchukua maziwa. Yeye ndiye anayetunza kompyuta za shule ya sekondari.

"Kamwene, mama Roza. Mbona umenuna?"

"Kamwene, mwalimu. Kompyuta imekufa."

Eveline aliitazama. "Haijafa. Huyu ni mzee, nanyi mmemtwisha lumbesa. Mfumo uliomo ni mzito kuliko nguvu zake. Tumpe mzigo mwepesi. Kuna mfumo unaitwa Linux, tena ni wa bure."

"Bure?" Clement akadakia. "Hawatatukata kwenye simu?"

"Hawakati, shemeji. Watu wengi wanautengeneza pamoja na kuugawa."

Jioni Eveline alileta flashi yenye Linux. Aliichomeka, akawasha kompyuta huku akibonyeza kitufe ili ianzie kwenye flashi. Baada ya dakika mbili kioo kilifunguka.

"Leo tunaonja tu," alisema. "Tuone kama sauti na intaneti vinakubali. Kesho tutauweka mfumo ndani ya kompyuta."

Alipoondoka, Anjela alimbeba Rozalia mgongoni, akaketi. Kompyuta ilimtii! Alichapa majina yote hamsini na nane, akahifadhi, akazima.

Asubuhi aliwasha tena. Hakukuta hata jina moja.

Alikwenda kwa Eveline mbio, kanga ikimdondoka. "Mwalimu, nimeumbuka! Keshokutwa ni Jumamosi!"

"Pole, mdogo wangu. Kosa ni langu, sikukueleza. Jana mfumo uliishi kwenye flashi. Kazi yako ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima, inafutika. Kazi itakaa tukiweka mfumo ndani."

"Basi tuuweke sasa hivi!"

"Subiri. Mle ndani una nini?"

"Picha za Roza, tangu siku aliyozaliwa."

"Tukiweka Linux bila kuzitoa, zitafutika. Majina utayachapa upya. Picha hizo utazipata wapi?"

Anjela alikimbia kuileta kompyuta, Rozalia mgongoni.

Walinakili picha kwenye flashi nyingine. Wakazifungua kwenye kompyuta ya Eveline, kuhakikisha zimefika salama. Kisha wakachomeka chaja ya kompyuta ya Anjela, isije ikazimika katikati ya kazi.

"Mlete mtoto," Eveline alisema. "Bonyeza wewe, ujue."

Anjela alichagua kuweka Linux. Akaandika jina lake na neno la siri. Baada ya dakika arobaini waliizima, wakatoa flashi, wakaiwasha. Ikafunguka yenyewe.

Mchana ule Clement alisoma majina, Anjela akachapa.

"Ombeni Kikoti. Si ndiye huyu aliyevunja uzio wetu?"

"Wewe soma, baba Roza!"

Walipomaliza, Anjela alihifadhi, akazima, akawasha. Majina yote yalikuwepo. Akayanakili pia kwenye flashi.

Jumamosi asubuhi, kabla orodha haijapelekwa kuchapishwa, Mzee Kalinga wa usharika wao aliingia akihema. "Nimeambiwa binti yangu mmemwandika Fausta. Ni Faustina! Jina la bibi yake. Bibi akisikia kesho limekatwa, mimi nyumbani sirudi."

"Keti, baba, nirekebishe."

"Niketi? Nasikia mashine yako ni ya kungoja mpaka viazi viive."

Kabla hajapata pa kuweka kofia, Anjela alikuwa ameshafungua orodha na kurekebisha.

"Soma mwenyewe."

Mzee aliinama, akafuata herufi kwa kidole. "Fa-u-sti-na Kalinga." Akanyoosha mgongo. "Basi kesho tutasikia vigelegele."

Na kweli, Jumapili bibi alivipiga kabla mchungaji hajamaliza kulitamka.