Chale za Kifuani mwa Chola

Chola alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, na alikuwa amechoka na macho ya watu. Mteja akiingia, kabla hajasema yambo, macho yalikwenda kwenye blauzi yake, upande wa kushoto. Hapo Chola aliweka kitambaa alichokikunja mara nne. Akikanyaga cherehani, kitambaa kilipanda mpaka karibu na shingo. Alikisukuma chini, nacho kikapanda tena.

Mwezi wa tatu, madaktari walimkata titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Alipona, na alishukuru. Lakini watu hawakumwacha apone kwa amani. Jirani mmoja alimkataza samaki, mwingine alimkataza chumvi. Mkubwa wa mtaa alimtaka aje kwenye salongo Jumamosi, afagie barabara kama raia wote, maana miguu yake ilikuwa mizima. Na mumewe Kunda, fundi wa usine, kiwanda cha shaba, alitoka kazini, akaketi. Alisikiliza redio.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Chola hakumwambia mtu. Alipokuwa msichana kule kijijini Kasomeno, bibi yake alimchanja chale kifuani. Zilikuwa alama ndogo nyeusi, mstari mmoja uliopita juu ya titi la kulia ukafika juu ya la kushoto. Mama yake alikuwa nazo vilevile. Daktari alipokata titi, alikata na mstari. Sasa ulianza vizuri upande wa kulia, ukafika katikati, ukaishia hapo. Kila alipooga, kidole chake kiliufuata, kikakuta ngozi tupu. Hilo lilimuuma kuliko macho ya wateja wote.

Siku moja alimwambia Kunda.

"Nataka banirudishie chale zangu."

"Chale? Ulisha kuzeeka, mama. Nani ataziona?"

"Miye."

Kunda akarudi kwenye redio yake. Lakini kesho yake alimsimulia dada yake, Mwape, na kumsimulia Mwape ni kuisimulia Kamalondo nzima. Kabla ya saa sita, wifi huyo alikuwa mlangoni na mwanamke mzee.

"Mulamu, nimekuletea muntu," Mwape alisema. "Huyu ni Mama Chileshe, wa Kasomeno. Anajua chale za kwenu. Lakini ataanza na mukono. Si ulisema mukono ya kushoto iko nzito? Ni damu mubaya. Itoke kwanza. Kifua, wiki ingine."

Mama Chileshe akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na wembe mmoja na unga mweusi wa majani yaliyochomwa.

"Hii wembe, umeiosha?" Chola aliuliza.

"Nimeipanguza. Leo asubuhi nimechanja bantu batatu, hakuna mwenye amelalamika."

Chola aliona wazi kwamba jambo hili halikuwa zuri. Lakini tangu mwezi wa tatu alikuwa amekataa mambo mengi mno, na siku hiyo alichoka kukataa. Akanyoosha mkono. Mama Chileshe akamchanja mara tatu, akasugua unga.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba kama mto wa kulalia, mwekundu na wa moto. Vidole havikuweza kushika mkasi. Mezani kulikuwa na sare ishirini za shule, zimekatwa, hazijashonwa. Chola alizitazama akaogopa. Titi lilikwenda, sawa. Mkono nao ukienda, atakuwa nani? Kunda akazima redio. Akamchukua mkewe mpaka dispensari, na Mwape akafuata nyuma, kimya kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Muuguzi wa dispensari alikuwa Mama Ngalula, mtu wa Kasai. Aliangalia mkono, akafumba macho kidogo.

"Nani alikata hapa?"

Chola alimwangalia Mwape. Mwape aliangalia dari.

"Kila wiki," Ngalula alisema. "Kila wiki ni wembe. Nilisha kuchoka na wembe zenu."

Alimpiga Chola sindano ya dawa, upande wa kulia. Kisha akavuta kiti.

"Sikia, mama. Wakati walitoa titi, walitoa na matezi ya mu kwapa. Ile matezi njo inapitisha maji ya mukono, njo inalinda mukono. Haiko tena. Kidonda kidogo tu inaweza kuvimbisha mukono yote. Kwa hiyo hii mukono, hapana kuichanja. Hapana kuipiga sindano. Hapana kuifunga kamba. Ukijikwaruza, sabuni na maji palepale. Ikiwa nzito, ilaze juu ya mto, na kuja kuniona."

"Miye niko mushonaji. Sindano inanichoma kila siku."

"Vaa kastabini ku kidole."

"Kastabini inanisumbua."

"Na hii mukono, haikusumbui?"

Chola akasimulia jinsi Mwape alivyomleta mzee mwenye wembe, uliokwisha kuchanja watu watatu na kupanguzwa tu. Ngalula akamgeukia Mwape.

"Wembe moja ku bantu batatu inabeba damu ya bote batatu. Inaleta pepopunda. Inaleta homa ya ini. Kuipanguza haisaidii."

Hapo Chola akaeleza habari ya mstari. Alingoja kugombezwa, maana siku hizo kila mtu alimgombeza. Ngalula akamwambia afungue blauzi. Akauangalia mstari mpaka pale ulipokatika.

"Alama ni yako," alisema. "Siwezi kukukataza. Ninakukataza haraka. Ngojea mwaka muzima tangu kukatwa, kovu ikuwe laini. Daktari aione kwanza, aseme ndiyo. Halafu utachomwa hapa mbele yangu, na sindano mupya yenye tumechemsha, ya weye peke yako, kisha tunaitupa. Hapana wembe, hapana majivu. Tutatumia wino safi ya hospitali. Na ku mukono, hata alama moja."

"Mwaka muzima?"

"Mwaka muzima."

Chola alirudi nyumbani amekasirika, lakini alitii. Wiki ya pili mkono ukapungua. Sare zilichelewa siku nne, na akina mama walinung'unika mlangoni mpaka akatamani kuwafukuza. Alizimaliza zote, kastabini kidoleni. Kisha Ngalula akamwonyesha jambo lingine: ashone kifuko kidogo, akijaze mtama mpaka kiwe na uzito wa titi lililobaki, akishonee mfuko ndani ya sidiria. Chola alijikasirikia kweli. Yeye ni mshonaji, mbona hakuliwaza mwenyewe? Kifuko hakikupanda hata siku moja.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, daktari alibonyeza kovu, akabonyeza kwapa, akasema ndiyo. Mama Chileshe, mjuzi wa chale za Kasomeno, akaitwa dispensari, akaja akinung'unika.

"Miaka makumi tatu ninachanja bantu. Leo mutoto wa Kasai ananifundisha kunawa mikono."

"Na kucha, mama," Ngalula alisema.

Mzee akanawa na kucha. Lakini aliposhika sindano, Ngalula ndiye aliyesogea kujifunza. Nukta kwa nukta, bila kupima, mkono wa mzee ulijua mahali pa kila alama. Mstari ukatoka katikati, ukapita juu ya kovu, ukafika kushoto.

Baada ya wiki mbili maganda madogo yalikuwa yameanguka. Hakuna kilichovimba. Chola alipooga, kidole kiliufuata mstari mpaka mwisho. Akamwita Kunda. Kunda akaufuata mstari kwa macho.

"Imefika," alisema.

"Imefika," Chola alijibu, na moyo wake ukatulia.

Mwezi huohuo Mwape alikuja kupimwa blauzi. Futi ilipopita juu ya titi la kulia, alijivuta.

"Inauma?"

"Haiumi. Ni kintu kidogo tu."

"Tangu wakati gani?"

"Mwezi wa kwanza."

Chola akaangusha futi. "Miezi ine, na dispensari iko hapa nyuma. Weye mwenye kuleta mashauri kila siku."

"Nilikuwa ninakuangalia weye," Mwape alisema polepole. "Niliogopa."

Chola alitaka kumfokea. Alikuwa na haki ya kumfokea. Badala yake akafungua vifungo vya blauzi.

"Angalia basi. Titi haiko. Miye niko. Vaa viatu, tunaenda."

Ngalula alibonyeza, akauliza swali moja tu: "Kuna mwenye alipitisha wembe?"

"Bado," Mwape alisema.

"Vizuri. Kintu mu titi yenye haiumi, hapana kungojea iume." Akaandika barua ya hospitali siku ileile.

Madaktari walimkata Mwape titi la kulia mwezi wa sita, na walisema amewahi. Alipotoka hospitalini, alipitia kwa Chola kuchukua blauzi yake. Akaishika, akahisi uzito ndani, upande wa kulia. Mfuko ulikuwa umeshashonwa, na mtama ulikuwa ndani.

Mwape akalia kidogo. Kisha akapangusa macho.

"Na chale, mulamu? Na miye nataka mustari juu ya kovu, kama weye. Mama Chileshe anaweza kuja lini?"

"Mwaka muzima," Chola alisema, akavaa kastabini yake.