Sanduku la Mafundi Wawili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sidonie alifagia karakana ya baba yake pale Mweso, akafungua dirisha, kisha akafungua sanduku kubwa la vyombo kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ule ufunguo ulimpa kiburi kidogo. Wenzake wengine shingoni walikuwa na rozari tu.

Sanduku hilo halikuwa limemaliza miezi minne tangu litengenezwe. Zamani kila fundi alikuwa na lake: baba yake, Papa Barthélemy, na Papa Camille, seremala wa Butembo aliyekuja kufanya kazi naye mwaka 1966. Masanduku mawili yalikula nafasi yote, mbao zikalala nje kwenye mvua. Mwaka uliofuata mafundi wakapatana kuyaunganisha yawe moja, refu kama kabati, lisimame ukutani. La Camille, lenye droo, likakaa chini. La Barthélemy likakaa juu, kwa sababu ndiye mkubwa. Kitako cha hilo la juu kilikuwa kimeoza, basi akakipigia kingine kwa mbao zilizopasuliwa juma lile lile. Camille alimshauri azingoje zikauke, lakini Barthélemy hakuzaliwa na subira. Kufuli moja likatosha, na karakana ikapata pumzi.

Mvua za Mei zilipokatika, vyombo vikaanza kupotea. Kwanza tupa nyembamba, kisha patasi ndogo, kisha jino la keke, la kutobolea mbao. Vyote vilikuwa vya Barthélemy, vile alivyovisimamisha nyuma kabisa ya sanduku. Vya Camille havikuguswa.

Jioni Barthélemy alivikagua vyombo vyake huku amempa mwenzake mgongo. Camille naye alianza kutoka kazini ameikunjua mikono, aonekane hakubeba kitu. Watu waliokuwa wakila maharagwe katika sahani moja sasa walikula kila mtu kona yake. Sidonie aliyaona yote hayo, akaogopa, maana ufunguo ulikuwa kwake.

Nyumbani, Barthélemy alimwambia mkewe kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akamgeukia binti yake.

"Wewe njo uko na ufunguo. Nani anakaribiaga ile sanduku?"

Sidonie alihisi shingo inapata moto pale ufunguo ulipolala.

"Nilimuona Émilienne," akasema. "Alitoka na kitu, amekifunga mu kitenge."

Émilienne alikuwa binti wa Camille, tena jirani yake wa dawati. Ni kweli alikuwa amebeba kitenge. Ambalo Sidonie hakulisema ni kwamba Émilienne alizoa maranda ya mbao kila siku ili mama yake awashie moto, na kwamba mara nyingi yeye mwenyewe alimsaidia kufunga. Neno lake lilikuwa nusu ya kweli, na nusu hiyo ikatosha kuharibu.

Asubuhi yake Barthélemy alimtangazia mwenzake kwamba Jumamosi sanduku litakatwa kwa msumeno, kila mtu achukue lake, na Camille atafute kazi mahali pengine.

"Mukubwa, kama unaona mutoto wangu ni mwizi, hata mi siwezi kubakia," Camille alijibu.

Shuleni Émilienne alihama dawati bila kuuliza kitu. Siku tatu Sidonie alikaa peke yake. Jamaa ya Camille ingerudi Butembo, na yeye ndiye aliyeisukuma. Alijua hivyo, na bado hakufungua mdomo.

Jumamosi ikafika. Camille alivuta droo yake, akahamishia vyombo katika gunia, kisha akairudisha. Ikagoma kufunga, ikabaki nje kwa upana wa kidole. Majuma mengi Sidonie alikuwa akigonga goti kwenye droo hiyo alipofagia, na kila mara alimlaumu Camille moyoni kwa kutoifunga vizuri. Sasa aliitazama ikiwa tupu, na bado haifungi.

Alimwomba Papa Camille aichomoe yote. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka nyuma. Vidole vikagusa chuma baridi. Akatoa patasi, akatoa jino la keke, akatoa tupa, na kalamu ya seremala ambayo hakuna aliyekumbuka kuitafuta. Alipopinda shingo na kuangalia juu, aliona mwanga unapita katikati ya mbao mbili za kitako. Zilikuwa zimekauka, zikaachana, na vyombo vilivyosimama nyuma vikapenya na kudondokea nyuma ya droo.

Barthélemy aliinama, akazitambua mbao zake. Akauweka msumeno chini.

Hapo Sidonie angeweza kunyamaza na kusifiwa. Lakini alimwona Camille anafunga gunia, akashindwa.

"Papa, mu kile kitenge mulikuwa maranda tu. Nilijua. Niliogopa mutasema ni mimi."

Baba yake akamgeukia mwenzake. "Camille, uliniambia ningoje ile mbao ikauke. Unisamehe. Ufungue ile gunia."

Akatuma Émilienne aitwe. Alipofika, Sidonie alimwomba msamaha mbele ya wote, huku analia. Kisha Barthélemy akanyoosha mkono, Sidonie akavua ufunguo, na baba akauvika shingoni mwa Émilienne: mwezi mzima yeye ndiye angefungua karakana. Sidonie aliumia sana.

"Mukuje karibu, ninyi wawili," Barthélemy alisema, akikigusa kitako cha sanduku. "Mbao mubichi inapendeza siku unaipiga musumari. Kisha inakauka, na ubaya wake unaonekana. Kumuzania muntu mubaya njo vile vile. Mi nilijenga na mbao mubichi, mutoto wangu akajenga na neno mubichi. Toka leo, kitu kikipotea hapa, tunatafuta na mikono kwanza. Mudomo itangoja."