Muhuri Katika Pasipoti ya Shangazi

Haya nilihadithiwa na mchonga mihuri mwenyewe, mwaka juzi, siku niliyoketi kibandani kwake nikingoja muhuri wa kikundi chetu cha akina mama. Mkono ulikuwa ukikata raba, mdomo ukisimulia yake na yale aliyokuja kuambiwa na binti yake. Nami nawapa kama nilivyopewa, wajukuu zangu.

Mchonga mihuri alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Jina lake la utani lilikuwa Bosi, kwa sababu akishakalia kiti cha baba yake, huanza kuamuru watu. Nyumbani kwao aliishi pia msichana mdogo kuliko yeye, mtoto wa marehemu mama mdogo wa Bosi. Huyo walimwita Kimya, na majirani walimsifia kwa upole wake. Kila siku wakitoka shule, wawili hao walipitia kibandani, wakafagia vipande vya raba na kufuta wino mezani. Mihuri iliyoharibika, yenye herufi zilizomeguka au mstari uliopinda, ilitupwa kwenye kopo, na hakuna aliyeijali.

Mwezi mmoja nyumba ilikuwa na mgeni, shangazi yake Bosi. Binti yake aliolewa nchi jirani, akajifungua mtoto wa kwanza, na shangazi alikuwa njiani kwenda kumpakata mjukuu. Nchi ile hupokea watalii mwezi mzima bila viza. Shangazi alilishika neno hilo kama mtoto ashikavyo pipi. Kila aliyepita mlangoni aliambiwa kwamba yeye ataingia kule kama anavyoingia jikoni kwake.

Wakala wa mabasi alikuwa amemweleza vizuri: pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha muda, awe na tiketi ya kurudi, anwani ya mahali atakapolala na cheti cha chanjo. Tena pasipoti yenyewe isiwe imechanika wala kutiwa alama na mtu asiyehusika. Shangazi alivipata vyote, akavitia kwenye mkoba, akautundika kwenye msumari chumbani mwa watoto, alimokuwa akilala.

Jumapili mchana wakubwa walikwenda kumjulia hali mgonjwa. Bosi akaamua wacheze uhamiaji, yeye afisa, Kimya msafiri. Meza ilikuwa sanduku la nguo, pedi ya wino ilikuwa ya kweli, na muhuri ulitoka kwenye lile kopo la baba. Kimya alileta daftari lake la hesabu liwe pasipoti. Bosi akalisukuma kando, akauliza afisa gani hugonga muhuri juu ya hesabu za kugawanya. Akauteremsha mkoba. Kimya alimsihi aurudishe, kwamba ule si wa kuchezea. Bosi akatoa pasipoti, akafungua ukurasa mweupe, akagonga.

Maandishi yakatokea wazi: MWALIMU MKUU.

Bosi alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Akalamba kidole, akasugua. Wino ukatapakaa, karatasi ikachunika mpaka mwanga ukapenya upande wa pili. Akairudisha pasipoti mkobani haraka haraka, akamshika Kimya sikio.

"Ukisema, nitasema ni wewe. Mimi niko kwetu. Wewe uko kwa nani?"

Kimya akachukua daftari lake la hesabu, akatoka. Kesho yake shangazi akapanda basi, na hakuna aliyemwambia kitu.

Mpakani afisa aligeuza kurasa, akasita. Akamwita mwenzake, mwenzake akawaita wengine. Mmoja akauliza ni mwalimu mkuu gani huyo anayeruhusu watu kuvuka mpaka, na kama mama amekuja na mzazi wake. Wakamcheka mbele ya foleni nzima. Shangazi akajitetea kwamba watalii hawatakiwi viza. Akajibiwa kuwa kutotakiwa viza si kutotakiwa pasipoti safi, na pasipoti iliyochezewa wao huihesabu kama iliyoghushiwa. Walimhoji mpaka basi lake likaondoka. Binti yake alikuwa amekuja kumpokea, amesimama ng'ambo ya kizuizi na kichanga mikononi. Shangazi aliona mguu mmoja wa mtoto ukichungulia kwenye shuka, basi. Akarudishwa alikotoka.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Aliiweka pasipoti mezani, ikiwa wazi. Mchonga mihuri hakuwa na haja ya kuuliza muhuri umetoka wapi. Aliuliza ni nani.

"Kimya," Bosi akasema. Jina lilimtoka upesi, kana kwamba lilikuwa limesimama mlangoni likingoja kufunguliwa.

"Si mimi, mama mkubwa," Kimya akamwambia mama yake Bosi.

Hakuongeza neno, na ukimya ule waliokuwa wakiusifia, siku hiyo waliuita ukaidi. Shangazi akasema ndiyo shukrani ya kulea mtoto wa watu, na kwamba ni heri kufadhili mbuzi kuliko binadamu. Aliyepiga ni mama yake Bosi. Alimpiga kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angempiga, kwa kuwa Kimya alikuwa mtoto wa ndugu yake, na aibu mbele ya wifi ilikuwa yake. Mchonga mihuri aliinamisha kichwa, akaachia hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo Kimya alikula jikoni peke yake na kulala huko huko, kwenye gunia kando ya jiko. Shuleni watoto walimbatiza Mwalimu Mkuu, wakawa wanamnyooshea viganja awagongee muhuri. Mchezo huo aliuanzisha Bosi. Aligundua kwamba akicheka kwa sauti kuwashinda wote, hakuna anayemuuliza kitu.

Kisha wakubwa wakakata shauri kwamba Kimya arudi kwa mjomba wake. Mjomba huyo walimjua alivyo. Kimya aliwahi kukaa kwake mwaka mmoja baada ya kufiwa na mama, akarudi na funza miguuni, amesahau hata kuandika jina lake.

Mjomba alifika Jumamosi asubuhi. Hakukaa. Aliubinya mkono wa Kimya kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, akauliza kama anaweza kujitwika ndoo iliyojaa. Mama yake Bosi akasema anaweza. Basi sare za shule waziache, mjomba akasema, kwake hazina kazi. Mama akamwamuru Kimya avue na viatu. Mtoto akainama, akavivua kimoja kimoja, akamkabidhi Bosi.

Vilikuwa bado na joto la miguu.

Bosi akabaki navyo mikononi. Mjomba alikwishavuka kizingiti, Kimya akimfuata pekupeku. Hakulia, hakugeuka. Laiti angegeuka akamtazama kwa chuki, pengine Bosi angeweza kuendelea kunyamaza.

"Ni mimi," alisema.

Mama akamwambia afunge mdomo, huruma za uongo hazitakiwi hapo.

"Ni mimi, mama. Nilimshika sikio. Nikamwambia yeye hana kwao."

Mama akaketi chini pale pale aliposimama. Shangazi ndiye aliyetoka nje na kumtoa Kimya mikononi mwa mjomba, aliyesonya na kuondoka akilalamika kwamba wamempotezea siku.

Jumatatu mchonga mihuri alimpeleka Bosi ofisi ya uhamiaji, wala hakumsemea. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamtaka arudie kwa sauti, maana hakumsikia vizuri. Akarudia, foleni yote nyuma yake ikisikiliza. Pasipoti ikakatwa pembe, ikawa haifai tena. Shangazi akaanza upya, picha na alama za vidole. Alipokuja kuvuka mpaka hatimaye, mjukuu alikuwa akisimama dede, na alipotaka kumpakata, mtoto akalia kwa kuwa hamjui.

Lakini hayo ni ya mbele. Jioni ile ya Jumatatu shangazi aliwaita wote mkekani, akamketisha Kimya karibu naye.

"Nchi ile iliniambia niende bila viza, haikuniambia niende bila masharti," alisema. "Hilo nililisahau. Lakini pasipoti ni karatasi, nitapata nyingine. Huyu tungempata wapi mwingine? Kosa ukilisema siku ile ile, ni kosa moja. Ukilifunika linazaa, na watoto wake wanakula watu. Na sisi wakubwa tuliumeza uongo bila kutafuna, kwa sababu mtoto huyu hana mama wa kumsemea. Kimya, mwanangu, tusamehe."

Kimya aliitikia kwa kichwa, kama mtoto mwenye adabu anavyotakiwa.

Walipokwenda kulala, Bosi alimwachia upande wa ukutani. Taa ikazimwa. Shangazi hakukawia kukoroma.

"Umenisamehe?" Bosi akanong'ona.

"Bado," Kimya akasema.

Akavuta shuka, akageukia ukuta, na punde pumzi zake zikawa ndefu. Bosi alilala chali macho wazi, neno lile moja likiwa limelala katikati yao, mpaka naye usingizi ukamchukua.