Kopo Nililolifukia Shambani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 4 Novemba 1975, kabla ya saa nne asubuhi. Tulikuwa tunapasua ntumba, yale matuta ya mviringo tunamofukia majani yaoze yawe mbolea. Jembe la dada yangu Bertilla likagonga kopo la bati. Akalifungua. Ndani mlikuwa na picha za watoto wanaofanyiwa ubaya na watu wazima.

Kopo lilikuwa langu. Mke wangu Kalista alipofariki, dereva mmoja wa lori la mazao alinipa picha zile. Nilipoona naharibika, nilizifukia ili zioze. Lakini kila juma nilikuwa nafukua, natazama, nafukia tena.

Bertilla hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Wilibrodi, wanangu umewagusa?"

"Hapana."

"Sikuamini. Nitawauliza wenyewe."

Aliwauliza. Sikuwa nimewagusa. Hata hivyo alinikataza kufika kwake, akanipeleka zahanati kwa mwuguzi Atusaye, mama aliyetoka Mbeya. Nilimshuku. Nilijua atakwenda kusema kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo nikatangulia kulaumu. Watu wa serikali walituhamishia kijiji hiki, wakaahidi dawa, dawa hazikuja, Kalista akafa. Na mwenyekiti mwenyewe alikuwa anakunywa pombe na dereva yule.

Atusaye aliniacha niseme mpaka nikachoka.

"Kuhusu dawa, walaumu, hata mimi nawalaumu," alisema. "Lakini niambie, kaka. Majani ya ntumba mnayatia kwenye kopo?"

"Hapana. Hayataoza."

"Basi picha hukutaka zioze. Ulizitunza."

Akaendelea kusema:

"Mtoto wa kwenye picha ni mtoto kweli. Ana mama yake. Aliumizwa ili picha ipatikane, na wewe kila ukitazama unamwumiza tena."

Nilimwuliza kama naweza kuacha. Alisema wanaojificha hawawezi. Mimi nimeletwa kwa kusukumwa, lakini nimefika.

Tulipeleka kopo polisi Sumbawanga. Nikafungwa miezi minne. Nilipotoka, Atusaye alinipa masharti. Nisikae peke yangu na mtoto yeyote. Kila Ijumaa nifike kwake nimwambie kweli. Hamu ikija, nitoke ndani haraka, niende kwa jirani yangu Polikarp tupukuchue mahindi, maana hamu hupanda na kushuka kama homa.

Mwezi wa pili tangu nitoke gerezani nilianguka. Nilikwenda barabarani kumsubiri yule dereva. Hakupita. Ijumaa nilimwambia Atusaye. Hakunifukuza. Alisema tuanze kuhesabu upya.

Sasa ni mwaka na nusu sijatazama wala kutafuta. Nalala usingizi. Bertilla huniletea ugali wa ulezi hadi mlangoni kwangu. Kwake bado siingii, naye ana haki.

Jina la dereva nililitaja polisi. Mwenyekiti aliulizwa, akasema hamjui. Nasikia lori lile bado linapita Mwimbi, kijiji cha jirani. Mimi nilifungwa, sawa, nilistahili. Lakini watoto wale wa kwenye picha, nani amekwenda kuwatafuta?