Kinywa cha Pia

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipanda ngazi hadi banda la njiwa juu ya paa, pua ameibana kwa vidole viwili. Jina hilo alipewa na shangazi yake, fundi cherehani, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Ila bandani hata yeye alinyamaza. Nani afumbue kinywa kwenye harufu ile?

Hao walikuwa njiwa wa mashindano. Wakiwa angani walijipindua kinyumenyume, mzunguko juu ya mzunguko, kisha wakajizuia na kurudi kundini. Jumamosi mwamuzi angekuja kuteua wa kurushwa mashindanoni na wa kuzalisha. Chiriku aliomba usiku na mchana jike wake, Pia, ateuliwe. Alimlea tangu kinda.

Kazi yake ilikuwa kukwangua sakafu na kusugua chombo cha maji. Lakini kinyesi kililowa na kuota ukungu, na chombo kiliteleza kwa ute kama ulimi wa ng'ombe. Kinyaa kikamshinda. Wiki nzima akawa anamwaga maranda mapya juu ya uchafu, anaongeza maji juu ya ute, anashuka mbio. Shangazi akiuliza, anajibu kwamba banda linang'aa.

Jumamosi mwamuzi akafika. Alikuwa fundi viatu mnene, na kwenye viatu vyake vyeusi ungeweza kujitazama ukachana nywele. Njiwa wakarushwa. Pia alijipindua vizuri, lakini akachelewa kujizuia, akaporomoka mpaka karibu na paa, akatua bandani akihema. Chiriku akadai ndiye aliyezunguka kuliko wote. Mwamuzi akamwambia kuzunguka si kazi, kazi ni kujua kuacha. Akataka kumshika ndege mwenyewe.

Akaingia bandani. Maranda yakabonyea, yakalia kama uji unaochemka, na kiatu kikazama. Uvundo ukapanda. Shangazi akaziba pua kwa mtandio.

"Mjukuu wangu," mwamuzi alisema taratibu, "kiatu hiki nimekipiga rangi leo hii."

Akamfungua Pia mdomo, akanusa, akakunja uso kama aliyelamba sabuni. Kooni mlikuwa na utando wa njano, mzito kama maziwa yaliyoganda.

"Anaumwa. Ugonjwa ameutoa kwenye maji machafu. Nani anasafisha humu?"

Chiriku alitaka kusema hajui. Mkononi mwa mwamuzi, Pia akajaribu kumeza, akashindwa.

"Ni mimi," alisema. "Sikusafisha, shangazi. Nilikuwa nafunika tu. Naona kinyaa."

Siku hiyo Pia hakuteuliwa. Alitengwa, akapewa dawa. Chiriku alijifunga kitambaa puani, akavaa glavu, akakwangua mpaka saruji ikaonekana. Alitaka kutapika, akaendelea. Akamaliza kwa kunawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni.

"Kuona kinyaa si kosa," shangazi alimwambia, akishika ndoo upande wa pili. "Hata mimi nakiona. Kosa ni kufunika uchafu ukaniambia kunang'aa, na anayeumia ni ndege asiyeweza kunishtakia."

Koo la Pia lilipopona, mwamuzi alirudi. Pia akajipindua, akajizuia juu kabisa, akarudi kundini. Mwamuzi akasema msimu ujao atarushwa. Kuzalisha, wataona baadaye.

Kisha akasimama mlangoni mwa banda, akachungulia sakafu, akamtazama Chiriku. Akainama, akavua viatu, akaingia na soksi zake nyeupe.