Kuchoma Flashi Si Kunakili

Nambozo, ambaye wengi humwita mama Brendah, ana duka dogo la kuchapa barua huko Nakaloke, nje kidogo ya mji wa Mbale. Pia huwawekea watu nyimbo kwenye flashi, na kazi hiyo anaijua barabara. Lakini kompyuta yake, jamani! Ukiiwasha asubuhi, utafagia duka, unywe chai, na ukirudi utaikuta bado inajivuta.

Jumatatu, Milly, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alimletea mitihani ya kuchapa.

"Naitaka Ijumaa," alisema. "Ukichelewa tena, mama Brendah, kazi zote za shule nitazipeleka Mbale mjini."

Nambozo aliingiwa na hofu. Bila kazi za shule, duka lingefungwa. Akampigia simu Sulait, fundi wa kompyuta wa Jinja. Zamani Sulait alikuwa jeshini, na watu bado humwita afande.

"Kompyuta yako haijafa," Sulait alisema. "Imezeeka, na mfumo unaoiendesha ni mzito kwake. Weka Linux. Ni mfumo mwepesi, tena wa bure. Pakua faili lake, lichome kwenye flashi, kisha uwashe kompyuta kwa flashi hiyo."

"Hilo tu, afande?"

Nambozo akapakua faili. Akalinakili kwenye flashi, vile anavyoweka nyimbo. Akawasha kompyuta. Haikuijali flashi hata kidogo. Alijaribu mara nne, na Jumanne ikaishia hapo.

Jumatano Sulait alikuja Mbale kikazi, akapitia dukani. Alipoitazama flashi, alicheka.

"Mama Brendah, wewe umenakili. Mimi nilisema choma."

"Si ni kitu kimoja?"

"Hapana. Ukinakili, faili linakaa tu humo, kama unga ndani ya gunia. Huwezi kula unga mkavu. Kuchoma kuna programu yake. Inalifungua faili na kuipanga flashi upya, ili kompyuta iweze kuanzia humo."

Akafungua programu hiyo kwenye laptopu yake. Nambozo akachagua faili, akachagua flashi. Alipotaka kubonyeza Anza, Sulait alimzuia.

"Ngoja. Flashi hii ina nini kingine?"

"Nusu ya mitihani. Sina nakala nyingine."

"Basi ungeililia. Kuchoma kunafuta kila kitu kwenye flashi. Na ukisakinisha Linux, yaani ukiiweka ndani ya kompyuta yenyewe, vilivyomo humo navyo vinaweza kufutika. Hifadhi kwanza."

Walihamishia kazi zote kwenye laptopu ya Sulait, wakazifungua moja moja kuhakikisha. Ndipo wakachoma.

Kisha Nambozo akawasha kompyuta yake huku akibonyeza kitufe cha F12. Kompyuta nyingine hutumia kitufe tofauti. Orodha ya mahali pa kuanzia ikatokea, akachagua flashi.

"Usikimbilie kusakinisha," Sulait alisema. "Ijaribu kwanza Linux ikiwa bado kwenye flashi. Je, printa inafanya kazi?"

Printa ikatoa karatasi safi. Nambozo akasakinisha kwa mkono wake mwenyewe. Alipoiwasha tena, kompyuta ilikuwa tayari kabla hajavuta kiti. Wakarudisha humo kazi zake zote.

Alhamisi jioni alipeleka mitihani shuleni. Milly akaikagua yote.

"Umenunua kompyuta mpya?"

"Ni ile ile, mwalimu. Nimeibadilishia mfumo tu."

Milly akamwongoza hadi stoo. Kompyuta sita zilikuwa zimejaa vumbi, zikingoja kuuzwa kama vyuma chakavu.

"Na hizi utaziweza?"

"Nitaziweza," Nambozo alisema. Akapangusa ya kwanza, akamtazama Milly. "Lakini kabla sijagusa, mwalimu, humu ndani kuna kazi ya nani?"